Maswali Yenu kwa Mwalimu: Kwaresima ya Chumbani na ya Jumuiya

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa makamo. Nasali alfajiri kabla watu hawajaamka, na sala hiyo ndiyo inayonibeba siku nzima. Kwaresima ikifika naanza kuulizwa mbona sionekani jumuiyani. Kusema kweli, nikienda narudi nimechoka. Yupo anayehubiri dakika kumi akijifanya anamwomba Mungu, yupo anayemsema jirani yake ndani ya maombi, na katikati ya rozari linaingia suala la michango. Yesu mwenyewe alisema tuingie chumbani tufunge mlango. Nikikaa chumbani Kwaresima yote, natenda dhambi?*
*Mpenda Utulivu*

Marahaba, mama. Dhambi, hapana. Kanisa linakudai Misa ya Dominika, mfungo wa Jumatano ya Majivu na wa Ijumaa Kuu, na kujinyima nyama kama maaskofu wenu walivyopanga. Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa na sala za jumuiya hazimo katika amri hizo. Anayekutisha kwa daftari la mahudhurio amejitungia sheria yake.

Ila swali lako lina la ziada. Injili uliyoitaja, Mathayo sura ya 6, husomwa Jumatano ya Majivu. Katika Misa hiyohiyo, somo la kwanza ni la nabii Yoeli, sura ya 2. Yoeli anaagiza tarumbeta ipigwe, mfungo utangazwe, watu wakusanywe: wazee, watoto, hata wanaonyonya. Bwana arusi naye atoke chumbani mwake, na bibi arusi vilevile. Muda mfupi baadaye tunamsikia Yesu akisema usipige panda, yaani tarumbeta, utoapo sadaka, na usalipo ingia chumbani. Mmoja anawatoa watu vyumbani, mwingine anawaingiza, na Kanisa limeyaweka masomo hayo mawili siku moja wala halikuona haya.

Mimi nayaelewa hivi. Tarumbeta ya Yoeli inaita: njooni, tumekosa, tulie pamoja mbele za Mungu. Panda anayoikataza Yesu inaita: nitazameni mimi. Basi aliyekemewa ni yule wako wa dakika kumi, jumuiya haimo. Na tahadhari, mama: hata chumbani mtu anaweza kujipigia panda, akawa anapima jinsi sala yake ilivyo safi kuliko ya wale wa rozari na michango. Sisemi ndivyo ulivyo. Ila majivuno hayabishi hodi.

Tena, Injili ile ya Majivu inaruka aya kadhaa katikati. Zilizorukwa, za 7 hadi 15, husomwa Jumanne ya juma la kwanza la Kwaresima, na humo ndimo ilimo Baba Yetu. Aliyefunga mlango yuko peke yake, lakini sala anayofundishwa ni ya wengi: utupe, utusamehe, utuopoe.

Hapa naomba nikae kidogo, maana nagusa kazi yangu. Nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi. Katika Kanisa la karne za mwanzo, Kwaresima ilikuwa hatua ya mwisho ya wanaojiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka, na ya wakosefu wa hadharani waliokuwa wakirudishwa kundini. Waamini wengine walifunga na kusali pamoja nao. Mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake juu ya Liturujia, namba 109 na 110, ulizikazia upya nguzo hizo mbili, ubatizo na toba, ukaongeza kwamba toba ya Kwaresima isiishie moyoni mwa mtu mmoja mmoja, bali ionekane pia nje na kati ya watu. Ndiyo maana Dominika ya 3, ya 4 na ya 5 wateule, yaani wakatekumeni watakaobatizwa Pasaka hiyo, husimama mbele ya waamini wote waombewe, na Injili zinazoambatana na ibada hiyo ni za mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro.

Siku moja nilisimama nyuma ya mwanamume mtu mzima, fundi, mikono yake migumu kweli kweli. Ilikuwa inatetemeka kanisa zima lilipokaa kimya kumwombea. Baadaye aliniambia, “Mwalimu, sikujua kama watu hawa wananijua.” Wangemwombea, kila mtu akiwa chumbani kwake, Mungu angesikia. Yeye asingesikia.

Sasa la kufanya. Alfajiri yako usiiache hata kidogo. Kuanzia Jumatatu itumie kusoma Injili ya Dominika inayokuja, ili siku ya jumuiya usifike mkono mtupu. Halafu umwendee kiongozi wenu faraghani, umwombe mambo machache: Injili ikishasomwa muwe na dakika tatu za kimya, zikipimwa kwa saa, kisha kila anayetaka ataje aya iliyomgusa bila kuihubiri, maombi yawe ya sentensi moja, na habari ya michango isubiri hadi sala ya kufunga iishe. Siku za kwanza watakohoa na kupekua vitabu, wengine watadhani msomaji amepotea mstari. Wavumilie. Wewe unajua kukaa kimya mbele za Mungu, na wenzako wengi hawakufundishwa. Kwa maoni yangu jumuiya hiyo inakuhitaji kuliko inavyomhitaji msemaji mwingine.

*Mwalimu, mama yangu ana miaka 62, magoti yamekwisha. Kwenye Njia ya Msalaba hukaa benchini akiitikia tu. Mtu mmoja amemwambia asipotembea kituo hadi kituo hapati rehema. Mwingine akaongeza kwamba vituo vyenyewe vingine havimo katika Biblia. Na yeye bado anang'ang'ania kufunga! Nimwambie nini?*
*Kijana wa Mama*

Mwambie akae, aitikie kwa sauti. Njia ya Msalaba ikifanywa na watu wengi na ikawa vigumu wote kuhama kwa utaratibu, yatosha anayeongoza aende kituo hadi kituo, wengine wabaki mahali pao. Mgonjwa akiitikia “kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu” toka benchini, amesali sawa na aliyepiga magoti mara kumi na nne. Pengine na zaidi, maana wengine huwa tunahesabu vituo vilivyobaki.

La Biblia ni kweli. Yesu kuanguka mara tatu, na Veronika aliyempangusa uso, ni mapokeo ya ibada, hayamo katika Injili. Idadi ya vituo 14 ilithibitishwa na Papa Klementi wa 12 mwaka 1731. Anayetaka vituo vya Biblia tupu asihangaike: Ijumaa Kuu ya mwaka 1991 Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza pale Koloseo, Roma, Njia ya Msalaba iliyofuata Injili pekee, kuanzia bustani ya Getsemane. Zote mbili ni halali, jumuiya ichague.

Kuhusu kufunga, sheria humbana mwamini kuanzia miaka 18 hadi anapotimiza 59. Mama yako amekwisha vuka. Kujinyima nyama ndiko huanza mapema, miaka 14, na hakuna umri wa kukoma, ingawa mgonjwa husamehewa. Akitaka kufunga kwa hiari na daktari wake hana neno, mwache. Kama anakunywa dawa zinazohitaji chakula, ale. Badala yake, mpe kazi jumuiyani: asome nia za maombi ya wote, akiwa ameketi.