Bwana "ametamalaki" nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanakwaya hapa Ngamiani, Tanga. Tunajiandaa kwa Jumapili ya Kristo Mfalme, na zaburi yetu ni "Bwana ametamalaki, amejivika adhama". Kijana mmoja wa besi kauliza: ametamalaki nini? Na kama ni mfalme hata leo, mbona isiwe "anatamalaki"? Kiongozi wetu anataka tuimbe "anatawala" ili yaishe. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana wenu kauliza swali zuri sana, nami naomba zaburi msiiguse.

Tamalaki limetoka Kiarabu, kwenye shina lile lile lililotupa milki, miliki na malkia. Siku hizi "miliki" limebaki na kazi ya hati: fulani anamiliki nyumba mbili Chumbageni. Ndiyo maana kijana anatafuta kitu kilichomilikiwa. Lakini katika Biblia ya 1952, Luka 1:33, malaika anamwambia Mariamu kwamba mwanawe "ataimiliki nyumba ya Yakobo", yaani ataitawala kama mfalme. Tamalaki limeitunza maana hiyo ya enzi. Magazetini tunasoma "rushwa imetamalaki", na hakuna anayeuliza imetamalaki nini. Imekaa kitini, imeshika kila kona.

Sasa hiyo -me-. Wengi wakiiona wanadhani ni habari ya jambo lililopita. Nenda Raskazone jioni umuulize mvuvi hali ya bahari. Akisema "maji yamejaa", hakusimulii ya jana; maji yapo pale, ngalawa zinaelea. Akisema "yanajaa", ujue bado yanapanda na mchanga unaonekana. Ndivyo tunavyosema mtoto amelala, mzee amekaa, jahazi limetia nanga. Tendo limekwisha, hali yake inadumu. "Bwana anatamalaki" ingesikika kama mtu ambaye ndiyo kwanza anapanda kwenye kiti chake. Ametamalaki: ameketi. Zaburi hiyo hiyo ya 93, aya ya pili, inasema kiti chake ni thabiti tangu zamani, na aya ya nne inamweka juu ya ngurumo za bahari.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba Kiebrania cha zaburi hiyo kinatumia malak, shina lile lile la m-l-k, katika umbo la tendo lililotimia. Wataalamu hadi leo wanabishana: lifasiriwe "anatawala" au "amekuwa mfalme"? Sisi hatulazimiki kuchagua. -Me- yetu inabeba yote mawili kwa pumzi moja.

"Anatawala" si kosa, na zipo tafsiri za siku hizi zinazoandika hivyo. Ila tawala humfanya msikilizaji aulize: wapi? Pilato naye alitaka mipaka alipouliza, "Wewe u mfalme wa Wayahudi?" Akajibiwa, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu" (Yohana 18:36). Ufalme hapo si nchi. Ufalme ulio nchi una wingi, ndiyo maana tuna Falme za Kiarabu. Ufalme ulio enzi hauna wingi. Jaribu kusema "falme za Kristo" usikie sikio linavyokataa. Papa Pius XI alipoiweka sikukuu hii mwaka 1925, mataji ya Urusi, Ujerumani na Austria yalikuwa yameanguka miaka michache tu nyuma, na ramani zimechorwa upya. Enzi aliyotaka iimbwe haikutegemea ramani.

Basi imbeni "ametamalaki", na kabla ya zoezi kiongozi awaeleze vijana habari ya maji kujaa. Wataielewa mara moja, wamekulia pwani. Angalieni tu mkazo, maana kwaya nyingi huvuta "ta" na neno likakatika katikati. Noti ndefu iangukie "la": a-me-ta-ma-LA-ki.