Kilti Si Kikoi

Mara ya kwanza kuvaa kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume wa Scotland, niliivaa kama kikoi. Mtu nimezaliwa Mombasa, nani atanifundisha kufunga nguo kiunoni? Nikaikaza nyongani, pale suruali inapokaa, nikajitoma harusini Glasgow. Mzee mmoja, mjomba wa bwana harusi, akanitazama magotini, akanivuta hadi msalani akanivalisha upya. Jina hakuniuliza.

Kosa langu kubwa lilikuwa hilo. Kilti hufungwa juu, kwenye kitovu, na pindo lake huishia kwenye pia ya goti. Ikishuka hadi kwenye muundi, unaonekana umerithi nguo ya kaka yako. Mara ya kwanza utahisi imekubana tumbo. Vumilia, ndivyo inavyokaa.

Marinda yote huwa nyuma, mbele ni tambarare. Kilti ya kushonwa hasa hula hadi yadi 8 za sufu, na sehemu kubwa imekunjwa huko nyuma. Kwa hiyo ukitaka kukaa, pitisha kwanza mkono nyuma uyalaze marinda, kama dada zetu wafanyavyo na magauni yao. Mimi nilijibwaga tu kitini. Nilipoinuka, nyuma nilikuwa kama gazeti lililokaliwa.

Mbele kuna pande mbili zinazolaliana, na ule wa juu hufungwa kulia. Pini huchomekwa chini, pembe ya kulia, kwenye kitambaa cha juu peke yake. Mimi kwa kuogopa upepo nilizishona pande zote mbili kwa pini. Ngoma ilipokolea nikapiga hatua ndefu, nikasikia sufu ikichanika. Kilti yenyewe ya kukodi! Nililipa.

Kile kifuko cha ngozi, sporran, ndicho mfuko wako: simu, funguo, hela. Kining'inie katikati, chini kidogo ya mkanda, lakini ukiingia kucheza kisogeze ubavuni, maana kinapiga mahali pabaya.

Soksi zikunjwe chini ya goti. Kisu kidogo, sgian-dubh, hukaa soksi ya kulia kama unatumia mkono wa kulia, mpini tu ndio uonekane. Ukisafiri kwa ndege, usikisahau kwenye begi la mkononi.

Wengi huniuliza kama mgeni anaruhusiwa. Anaruhusiwa. Marufuku iliyowahi kuwepo ni ya zamani: sheria ya 1746 iliwakataza wanaume wa nyanda za juu za Scotland kuvaa mavazi yao, isipokuwa wanajeshi, na haikufutwa hadi 1782. Niliokutana nao mimi hufurahi wakiona umeivaa, mradi umeivaa sawasawa. Usipojua uchague tartani, yaani kitambaa cha mirabamiraba, ya ukoo gani, chukua ile iitwayo Black Watch. Hiyo huvaliwa na yeyote.

Na lile swali la ndani unavaa nini? Ukikodi, vaa chupi. Kuna aliyeivaa wiki iliyopita, na kuna anayeingojea Jumamosi.