Ramani inasema mita 180, saa inasema 410: nimwamini nani kwenye njia ya pwani ya mawe?

SWALI: Shikamoo kocha. Tuko watu sita, watatu tunatembea, wawili wanakimbia, mmoja ana baiskeli ya milimani. Tulizunguka rasi ya kisiwa, km 14, pwani ya mawe matupu. Programu ya ramani ilisema jumla ya kupanda ni mita 180 na tutatumia masaa 3. Sisi watembeaji tulitumia masaa 5 na nusu, tulishuka na kupanda vighuba kama 16, na kipande cha kama km 4 kilikuwa kuruka mawe tu. Saa yangu yenye barometa iliandika mita 410, ya mwenzangu isiyo na barometa ikaandika 560. Mwishoni maji yalishaanza kujaa tukapita yakiwa ya mapajani. Tunataka kurudi tena, sasa ipi sahihi na muda tunaupangaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hayo maji ya mapajani, manake ndo yaliyonishtua kuliko mita zote ulizoandika. Maji ya mapajani juu ya mawe yenye utelezi na wimbi linakuja kwa mgongo, hapo mtu mmoja akiteleza tu mna kazi ya uokoaji, si matembezi tena. Kwahiyo hesabu zote nitakazokupa hapa chini lengo lake ni moja, kujua mtafika saa ngapi pale chini kabla bahari haijafika.

Sasa mwinuko. Amini hiyo 410. Ramani haijakudanganya ila haioni vitu vidogo. Kama mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kwenye ramani, imepishana kwa mita 20 za urefu, kighuba cha kushuka mita 15 na kupanda mita 15 kinaweza kupita katikati ya mistari bila kuonekana kabisa. Wewe umevuka 16. Zidisha 16 kwa 15 unapata mita 240, jumlisha na 180 za ramani unapata 420, unaona tumeangukia palepale kwenye saa yako. Alafu programu nyingi zinachukua urefu wa ardhi kutoka data za setilaiti na vyombo vya anga, mojawapo inayotumika sana ilipimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na vipande vyake ni kama mita 30 kwa 30. Fikiria genge la mita 25 limesimama wima juu ya bahari, ndani ya kipande kimoja kuna njia yako, kuna ukuta wa genge na kuna maji, vyote vinapewa namba moja. Milimani kosa hilo linajificha, pwani ya magenge haliwezi kujificha.

Ile 560 ya mwenzako inatokana na GPS peke yake. Ukitembea chini ya ukuta wa mwamba nusu ya anga imezibwa, na mawimbi ya setilaiti mengine yanagonga mwamba kwanza ndo yafike kwenye saa, basi saa inaona unapanda na kushuka hata ukiwa umekaa unakunywa maji, na kila kamruko inakahesabu kama kupanda. Yenye barometa inapima mgandamizo wa hewa ndo maana imetulia zaidi. Ila nayo ina udhaifu, karibu na usawa wa bahari badiliko la hektopaskali 1, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, ni kama mita 8 za urefu, kwahiyo hali ya hewa ikibadilika mchana saa inadhani umepanda au umeshuka. Hapa pwani mna bahati ambayo wa milimani hawana, sifuri iko miguuni kwenu. Kila mkishuka kwenye kighuba angalia saa, kama umesimama mita mbili juu ya maji nayo inasema 19, irekebishe hapohapo.

Muda sasa. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, bado naitumia kila wiki: kilomita 5 kwa saa, ongeza dakika 1 kwa kila mita 10 za kupanda. Km 14 ni dakika 168, mita 410 ni dakika 41. Lakini Naismith alifikiria njia inayotembeleka, mawe hayamo. Kwenye mawe makubwa ya pwani mimi napiga km 2 kwa saa na sioni aibu, zile km 4 zenu zinakula masaa mawili badala ya dakika 48, yaani ongeza dakika 72. Jumla 281. Weka na mapumziko ya dakika 45 hivi, uko kwenye masaa 5 na nusu kasoro kidogo. Kwahiyo msijilaumu kabisa, hamkuwa wazito, mlipangiwa muda wa njia nyingine.

Wakimbiaji wao wahesabu kwa namna yao, kila mita 100 za kupanda ni kama km 1 ya ziada, hiyo km 14 wailipe nguvu ya km 18. Na kwenye mawe watembee kama wengine wote, hakuna mashujaa pale.

Turudi kwenye maji. Sehemu nyingi bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama masaa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku yanachelewa kama dakika 50, ratiba ya Jumamosi iliyopita usiibebe hivyohivyo. Na tofauti ya kina inategemea mahali, kisiwa cha Jersey kati ya Uingereza na Ufaransa inafika mita 12 wakati sehemu kubwa ya Mediteranea hata nusu mita haifiki, kwahiyo tafuta jedwali la hapohapo mnapokwenda. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake, maji yanapwa sana lakini pia yanajaa sana. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, tofauti ni ndogo.

Kinachowaponza watu ni kudhani maji yanapanda kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya mita 3.6 igawe kwa 12, unapata sentimita 30. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda 30 tu, unaona bado kukavu unaendelea kupiga picha. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90, na ya nne 90 tena! Ni makadirio tu lakini yanatosha kukuogopesha pale panapohitajika. Kwahiyo kipande cha chini, zile km 4 za mawe, ingieni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na saa moja baada ya kupwa muwe mmeshatoka wote. Hesabu kurudi nyuma: kama kinaanza km ya 9 na mnahitaji masaa matatu kufika pale na maji yanakupwa saa 6 mchana, basi saa 2 asubuhi mnaanza kutembea, si mnaanza kukusanyana. Na jedwali halihesabu mawimbi, siku ya upepo mkali punguza hata huo muda.

Mkifika chini ya genge lolote angalieni ukuta. Utaona mstari wa mwani mkavu na vijiti, chini yake mwamba mweusi unaong'aa, chini zaidi vikombe vidogo vyeupe vilivyoganda kwenye jiwe. Pale peupe kiatu kinashika. Pale peusi pakiwa pamelowa ni kama sabuni, usikanyage. Na kama mwani mkavu uko juu ya kichwa chako, basi umesimama mahali ambapo bahari inafika, hapo hamli chakula cha mchana.

Huyo wa baiskeli naomba asipite zile km 4. Kubeba baiskeli begani juu ya mawe hauoni mguu wako unakanyaga wapi, nimeshamshusha mtu kwenye machela kwa kosa hilohilo. Apite njia ya juu akutane nanyi upande wa pili, na aanze safari akiwa anapigana na upepo ili wakati wa kurudi akiwa amechoka umsukume, manake upepo wa baharini huwa unaongezeka mchana ardhi ikishapata joto. Akifika nyumbani aioshe baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ya kumwagia taratibu si ya presha, aikaushe, apake oili mnyororo. Akiona unga mweupe kwenye vichwa vya boliti ajue chumvi imeshaanza kazi. Na wewe ile saa yako ioshe pia, vile vitobo vidogo pembeni ndo vinavyopitisha hewa ya barometa, chumvi ikiviziba safari ijayo itakuandikia mita za uongo na tutaanza upya.