Mteremko mmejenga, na choo je?

Mkuu, umeuliza kama mteremko mlangoni unatosha ili maktaba yenu iwafae watu wazima wenye ulemavu. Natembelea kitimwendo tangu utotoni, na naishi Mabatini hapa Mwanza, kwenye mawe, kwa hiyo vilima navijua kwa mabega.

Tuanze na huo mteremko. Maktaba moja niliyoizoea (jina tuliache) ina ngazi tatu za sentimita 15. Fundi akamwaga zege la mita mbili, likapakwa rangi, picha zikapigwa. Kipimo kinachoshauriwa ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 45 kunataka mita 5.4. Ule wao napanda kwa kusukumwa na watu wawili, na kushuka ni kumwachia Mungu. Halafu pale chini ndipo bodaboda wanapoegesha.

Ndani sasa. Nafika na mdogo wangu, mhudumu anamtazama yeye: "Huyu anataka kitabu gani?" Huyu! Nina miaka 41, watoto watatu, na kodi ya fremu nalipa mwenyewe. Siku nyingine nikaelekezwa rafu ya watoto, eti ndiyo iko chini. Hadithi za sungura nilizimaliza darasa la pili.

Meza zenye ubao wa mbele zinagonga magoti. Seremala aung'oe tu, ni kazi ya nusu saa.

Rafiki yangu asiyeona anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Kiswahili chake kinakwaruza, lakini jamaa huongeza kasi mpaka mimi nabaki nasikia mbu. Ila kitabu kilichopigwa picha kurasa haikisomi mpaka kigeuzwe maandishi. Kuhusu hakimiliki, someni Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania imejiunga nao: lengo lake ni nakala za wasioona zitengenezwe bila kusubiri ruhusa ya mwenye kitabu.

Viziwi sitawasemea, lugha ya alama naijua salamu tu. Waiteni wenyewe kabla hamjamlipa fundi.

Na kapime mlango wa choo. Kitimwendo changu kina upana wa sentimita 65, mlango wa pale una 60. Siku ya maktaba huwa sinywi chai.