Barua kwa Mwanangu: Ukurasa Niliouchana

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: kama serikali ingeyazuia yale maduka makubwa ya kigeni yasiingie, je, duka letu lingekuwepo hadi leo? Tena unanitolea mfano wa Ujerumani, ambako Walmart, kampuni ya Kimarekani ya maduka makubwa, ilishindwa ikaondoka. Siku tatu nimelala na swali hilo, na kila nikijaribu kulijibu najikuta nimerudi kwenye foleni ile.

Ulikuwa darasa la tano. Wiki ya ufunguzi wa duka kubwa la kigeni tulikwenda wote wanne: wewe, dada yako, marehemu baba yako na mimi. Labda wewe unakumbuka matoroli tu na ile milango inayojifungua yenyewe. Mimi nakumbuka sabuni. Zilipangwa mlangoni hadi juu ya kichwa changu, aina ileile niliyokuwa nauza, na bei yake ilikuwa chini ya bei niliyoinunulia mimi kwa jumla wiki moja kabla. Sisemi bei yangu ya kuuzia, nasema ya kununulia. Nikapiga hesabu kichwani mara mbili nikidhani nimesoma vibaya.

Baba yako ndiye aliyesema tuinunue pale tukaiuze dukani kwetu. Lakini kila mteja aliruhusiwa pakiti mbili tu, ndiyo maana tukajipanga wanne, kila mmoja na mbili zake. Ninyi watoto mliona ni mchezo. Karibu na keshia nikainua macho, na katika foleni ya pili nikamwona yule mzee wa ukurasa wa 17 katika daftari letu la madeni. Jina lake unalijua, sina haja ya kuliandika. Alikuwa akikopa kwetu tangu hujaanza shule. Toroli lake lilikuwa limejaa. Aliponiona akageuza uso, nami nikageuza wangu, maana mikononi nilikuwa nimeshika sabuni ya mshindani wangu.

Mwisho wa mwezi alikuja jioni, tukiwa tunafunga. Akalipa deni lote, hakubakiza hata senti, kisha akaomba ukurasa wake uchanwe. Nikauchana mbele yake. Usiku nililia, na baba yako hakunielewa: mtu amelipa deni, wewe unalia nini?

Umenizoea nikisema bei hupangwa siku ya kununua, si siku ya kuuza. Nasema tena. Duka lile halikunishinda kaunta. Kaunta nilikuwa hodari, nilijua nani anaumwa, nani kapokea mshahara na nani anaona haya kuomba. Lilinishinda kwa msambazaji. Mimi nilichukua katoni kumi kwa fedha taslimu, au nikibahatika, mali kauli ya wiki moja. Wao huchukua shehena, na huko duniani makampuni ya namna hiyo mara nyingi humlipa msambazaji baada ya siku 60 au 90, wakati mali imeshauzwa na fedha imeshazunguka. Hiyo nayo ni mali kauli, mwanangu. Kwangu ilikuwa hisani, kwao ni sharti la mkataba.

Ndiyo maana mfano wako wa Ujerumani haunitoshi. Kweli Walmart iliingia kule mwishoni mwa 1997, na mwaka 2006 ikauza maduka yake 85 kwa Metro, kampuni ya Kijerumani, ikaondoka. Lakini nani aliyeishinda? Si mwenye kiduka. Waliokuwa wakiibana kwa bei ni Aldi na Lidl, wenyeji, nao ni majitu. Mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ya huko iliwakuta wote watatu, mgeni na wenyeji wawili, wakiuza baadhi ya bidhaa chini ya bei ya kununulia, ikawaamuru wazipandishe. Sabuni ile ingeweza kuwa ya mwenyeji, na bado ningeikuta mlangoni.

Wamarekani walilitambua hili zamani. Maduka madogo yalipokuwa yakihofia A&P, kampuni ya kwao wenyewe yenye maduka mengi, mwaka 1936 ilitungwa sheria ya Robinson-Patman. Haikufunga mlango wa duka lolote. Ilimkataza msambazaji kumpa mnunuzi mkubwa bei ambayo mdogo hapewi, isipokuwa, kwa mfano, pale gharama zinapokuwa zimepungua kweli. Walikwenda kuitafuta dhuluma ilipo, siku ya kununua! Na Walmart iliponunua hisa nyingi za Massmart, kampuni ya maduka ya Afrika Kusini, mahakama ya rufaa ya ushindani iliamua mwaka 2012 kwamba kuwe na mfuko wa kuwainua wasambazaji wadogo. Hao nao waliangalia upande huohuo.

Basi ugeni si kitu? Hapana, hapo siwezi kusema hivyo. Nilimwendea meneja wa duka lile kumwomba tuzungumze habari ya ile sabuni. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia bei zinatoka makao makuu, ng'ambo, hata yeye huziona asubuhi kwenye kompyuta. Muuzaji wangu wa jumla nilijua anakaa wapi, ningeweza kubisha hodi kwake usiku. Kwa hawa ningebisha mlango gani?

Halafu namkumbuka yule mzee, na hasira inanitoka. Bei yangu ilibeba madeni ya wasiolipa. Yeye aliyelipa kila mwezi alikuwa akiwalipia wao, na kwa kuwa alinunua kidogo kidogo, kila kipimo kilimgharimu zaidi ya mwenye kununua kwa wingi. Alichookoa kwenye toroli lile kilimsomesha binti yake. Nimwambie alikosea? Siwezi. Nami sikumwibia. Nilimpa alichokosa kwingine, muda wa kulipa.

Tulifunga, unajua mwaka gani. Miezi minane baadaye mkewe akalazwa, na usiku mmoja mzee akabisha nyumbani kwetu. Duka kubwa haliandiki ukurasa. Nikampa vilivyobaki stoo, sabuni ileile ikiwemo.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Neno liko ulimini, na nikiandika kwa hasira lingetoka moja, nikimkumbuka binti wa mzee lingetoka jingine. Waulize na wengine waliofunga, waulize na waliopata kazi kwenye yale maduka, kisha uamue. Mimi nitalizuia langu, ingawa linaniuma.

Daftari liko juu ya kabati. Ukija lifungue nyuma kabisa, baada ya hesabu zote za duka. Kuna ukurasa nilioandika usiku ule, jina lake na vitu alivyochukua. Haujalipwa, na sijamdai.

Mama yako