Maswali na Majibu ya Bustani: Embe Lisiloiva, Mpapai Dume na Asumini ya Jioni

Msimu mkubwa wa maembe unakaribia pwani, na maswali ya wasomaji yameongezeka kama ilivyo kawaida ufikapo wakati huu wa mwaka. Mengi yanahusu mbolea na dawa. Nimechagua zaidi yale yanayogusa uvunaji, kwa sababu kila mwaka husoma habari za watu waliouhudumia mti kwa uangalifu tangu ukiwa mche, kisha wakaipoteza kazi yote kwa kuangua matunda wiki mbili kabla ya wakati wake.

Mwembe wangu wa dodo umezaa vizuri, lakini maembe niliyoyaangua na kuyaweka ndani yamesinyaa, mengine yameoza kuanzia kwenye kikonyo, na yaliyolainika ni machachu. Nipulize dawa gani msimu ujao? (Bagamoyo)

Usipulize dawa yoyote. Maembe yako yalianguliwa kabla ya kukomaa, na embe ambalo halijakomaa haliivi hata ukilifunika mwezi mzima. Hulainika kwa kunyauka tu. Ni kweli kwamba embe huendelea kuiva baada ya kutengwa na mti, lakini kuiva huko hutegemea wanga ambao tunda limejiwekea likiwa bado mtini, kwa kuwa wanga huo ndio unaogeuka kuwa sukari. Ukiliangua kabla halijaujaza, hakuna kitu cha kugeuka, na utamu hautatoka popote.

Tazama mabega ya tunda, yaani sehemu inayokizunguka kikonyo. Embe changa lina mabega yaliyoteremka, na kikonyo huonekana kimesimama juu yake. Likikomaa, mabega hujaa na kupanda hadi kikonyo kiwe kama kimezama katika kibonde kidogo. Kisha toa embe moja la kupimia na ulipasue: nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza kugeuka manjano, na kokwa lenyewe liwe gumu kiasi cha kukataa kisu. Rangi ya ganda usiifuate peke yake, kwa maana Tommy Atkins huweza kuwa jekundu likiwa changa kabisa, na dodo laweza kukomaa likiwa bado la kijani. Kumbuka pia kwamba mwembe hauchanui siku moja. Mashada ya mwanzo hutangulia na mengine hufuata, hivyo maembe ya mti mmoja huanguliwa kwa awamu, na anayeupukutisha mti wote kwa siku moja huchanganya yaliyo tayari na yasiyo tayari.

Huo uozo wa kwenye kikonyo nao umetokana na namna ulivyoangua. Mti usitikiswe, na tunda lisidondoke chini. Tumia upembo wenye mfuko mdomoni, acha kikonyo cha urefu wa sentimita moja au mbili, kisha kikate vizuri ukiwa chini na uliinamishe embe ili utomvu uchuruzike bila kugusa ganda, kwa sababu utomvu huo huunguza na kuacha mabaka meusi. Usiyalaze maembe juu ya udongo mtupu, kwani kuvu wanaoozesha kikonyo hukaa humo.

Hukuuliza habari za kabaidi, lakini nitaitaja kwa kuwa imeingia hadi majumbani. Kabaidi ya mafundi wa kuchomea vyuma ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo hulibadilisha ganda rangi haraka huku nyama ya ndani ikibaki ngumu na isiyo na ladha; na kabaidi inayouzwa madukani huwa na chembechembe za aseniki na fosforasi. India, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha maembe, imepiga marufuku kisheria kuivisha matunda kwa njia hiyo. Mchuuzi husukumwa na lori linalomsubiri na soko litakalofunguliwa alfajiri. Wewe mwenye mwembe uani unasukumwa na nani? Hakuna faida kubwa ya kuwa na mti wa nyumbani kuliko uhuru wa kusubiri, na anayeutupa uhuru huo afadhali akanunue sokoni. Ukitaka maembe yaliyokomaa yaive mapema kidogo, yafunike kwenye kikapu pamoja na ndizi mbivu mbili. Gesi inayotoka kwenye ndizi itaifanya kazi hiyo bila madhara yoyote.

Mpapai wangu ni dume. Nikiupigilia msumari utageuka jike? (Kibaha, Malindi, Mtwara na kwingineko)

Hautageuka. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na ninawaomba wasomaji wasilirudie. Imani hiyo imedumu kwa sababu baadhi ya mipapai dume, hali ya hewa ikibadilika au mti ukipata shida, hutoa yenyewe matunda machache membamba yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Aliyekuwa amepigilia msumari wiki hizo huamini kwamba ni msumari uliofanya kazi, ilhali ule wa jirani uliozaa bila msumari hausemwi.

Jinsia ya mpapai haijulikani kwa mbegu wala kwa majani, na yeyote anayekuuzia mche wa mbegu akikuapia kwamba ni jike anakudanganya. Panda miche mitatu au minne katika shimo moja, subiri ichanue, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kati ya mwezi wa nne na wa sita baada ya kupandwa, kisha ng'oa inayotoa maua madogo kwenye vishada virefu na ubakize mmoja wenye maua makubwa yaliyobanana na shina. Kwa uchavushaji, dume mmoja hutosha kwa majike kumi au zaidi. Na papai likionyesha mistari ya manjano, lichume. Likibaki mtini hadi liive lote litaliwa na ndege na popo.

Machungwa yangu yamekomaa lakini hayageuki rangi. Nitumie mbolea gani? (Mombasa)

Hakuna. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake panapokuwa na baridi ya usiku, na pwani hakuna baridi ya kutosha. Onja moja, likiwa tamu, vuna, na likiwa chachu, liache, kwa maana chungwa haliongezi utamu hata kidogo baada ya kuchumwa.

Nilinunua mche wa mchungwa uliobebeshwa. Miaka miwili ya mwanzo ulikuwa mzuri, sasa una miiba mirefu na umezaa malimau makali yenye ganda nene. Je, mchungwa unaweza kugeuka mlimau? (Morogoro)

Mchungwa wako haukugeuka, bali yaelekea umekufa, na aliyebaki hai ni yule aliyeubeba. Miche mingi ya michungwa hubebeshwa juu ya mlimau, kwa sababu mizizi ya mlimau ina nguvu na huvumilia ukame. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu la kubebeshea ni ya mlimau, nayo hukua kwa kasi kuliko mchungwa uliobebeshwa juu. Yasipoondolewa hunyonya chakula chote, na kwa muda wa miaka michache mchungwa hudhoofika hadi ukakauka, huku mwenye bustani akifurahia majani mengi bila kuangalia yanatoka wapi.

Kagua shina. Kama bado kuna tawi hata moja hai juu ya kovu, ondoa kila kitu kilichoota chini yake na uuhudumie mti upya. Kama halipo, una mlimau. Utumie kama mlimau au ung'oe. Unaponunua mche mwingine, litafute kovu kwanza, uhakikishe liko angalau shubiri moja juu ya udongo, na usilifukie wakati wa kupanda. Mche usio na kovu si mche uliobebeshwa, hata kama muuzaji wa kando ya barabara ameuandikia hivyo.

Kila embe ninalopasua lina funza. Jirani amenishauri nipulize sumu kila wiki kuanzia mti unapochanua. (Kilifi)

Tafadhali usiufuate ushauri huo, na kama jirani yako anaufuata, mwonyeshe jibu hili. Anayepuliza sumu wakati wa maua huwaua nyuki na nzi wadogo wanaoyachavusha maua hayo, kisha hushangaa kwamba mti umekataa kuzaa. Na funza unaowaona hawakuingia wakati wa maua. Nzi wa matunda hulitoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kutaga mayai ndani, mahali ambapo sumu ya kupuliza juu haiwafikii funza wakishaanguliwa. Anayetusumbua zaidi ni yule wa asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea kwa kasi katika sehemu kubwa ya Afrika.

Udhaifu wake uko chini ya mti. Embe lenye funza hudondoka, funza huingia udongoni, hujifunga ndani ya ganda gumu na kutoka akiwa nzi, tayari kuyatoboa maembe yanayofuata. Kwa hiyo kila siku, bila kuruka hata siku moja, okota kila embe lililoanguka. Yafukie kwa kina cha nusu mita au zaidi, au yafunge katika mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani hadi funza wafe. Kuyatupa kwenye jalala la nyuma ya nyumba ni kuwafuga nzi. Kazi hii haina gharama, na ndiyo sababu watu hawaiamini. Wangeuziwa ndani ya chupa wangeifanya kwa bidii. Mitego yenye kivutio cha madume husaidia, lakini haiwezi kuwa badala ya usafi, na kama miti yako ni michache unaweza pia kuyavisha matunda mifuko ya karatasi yakiwa bado madogo.

Na wale chungu wa majimoto wanaoshona majani kwa nyuzi juu ya mwembe wako, waache. Najua wanauma, na najua watu huwachoma moto kabla ya kuangua. Utafiti uliofanywa kwenye minazi ya Zanzibar katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba chungu hao humdhibiti mdudu anayeangusha nazi changa, na kwenye miembe na mikorosho wanawinda wadudu waharibifu na kuwafukuza nzi wanaotafuta pa kutagia. Angua kwa upembo ukiwa chini, nao hawatakusumbua sana.

Pasheni yangu ya manjano inachanua sana ila maua yote yanapukutika. (Tanga)

Bila shaka una mmea mmoja, au miwili uliyoipata kwa kukata vipande vya mmea ule ule. Pasheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe. Inahitaji mmea mwingine uliotokana na mbegu nyingine. Inahitaji pia wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, kwa kuwa nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua hilo. Ukiwafukuza kutoka kwenye nguzo zako, usitarajie matunda. Waachie gogo kavu karibu na bustani.

Ikiwa nyuki hao hawapo, chavusha kwa mkono. Maua ya aina hii hufunguka karibu na adhuhuri na kufungana jioni, kwa hiyo subiri saa moja baada ya kufunguka, chukua chavua ya mmea mmoja na uiguse kwenye ncha tatu zilizo katikati ya ua la mmea wa pili. Siku ya mvua usijisumbue, kwa sababu maji huiharibu chavua. Matunda yakizaa, usiyachume: yaache yadondoke yenyewe na uyaokote kila asubuhi.

Mbolea nzuri ya matunda na maua ni ipi? (wengi)

Swali lisilotaja mmea, umri wake, udongo wala kiasi cha maji haliwezi kujibiwa, na sitalijibu.

Nimepanda asumini kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaliwa. Nikichuma asubuhi maua hunyauka kabla ya shughuli ya jioni, na mwaka huu yamepungua. (Lamu)

Nimefurahi kulipata swali hili, kwa sababu ustadi wa bibi zetu katika jambo hili unapotea huku mashada ya plastiki yakijaa madukani. Asumini hufunguka usiku. Lililo wazi asubuhi limekwisha kutoa sehemu kubwa ya harufu yake, na jua la saa nne hulimaliza. Chuma alasiri, kabla ya magharibi, ukichagua vikonyo vyenye tumba lililojaa, jeupe kabisa na bado limefumba. Tumba lenye ukijani liache hadi kesho, kwani halitafunguka likishachumwa. Yaweke matumba kwenye jani la mgomba au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, yafunike bila kuyabana, na usiyanyunyizie maji, kwa maana petali iliyolowa hugeuka kahawia. Kikuba kikishonwa jioni hiyo pamoja na rehani na mkadi, maua yatafungukia mwilini mwa mvaaji, na harufu itaendelea hadi usiku mwingi.

Kupungua kwa maua ni suala la kupogoa. Asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya, hivyo kila wimbi la maua linapokwisha, punguza matawi kwa theluthi moja, mwagilia, na uhakikishe mmea unapata jua la nusu siku au zaidi. Samadi ikizidi utapata majani mengi na maua machache. Dawa ya wadudu usiikaribishe kabisa kwenye mmea huu: maua haya huvaliwa kichwani na kifuani, karibu na pua za watoto wanaobebwa.

Waridi hufuata kanuni iliyo kinyume. Wasomaji wetu walioko Oman wameyaona mawaridi ya Jabal al Akhdar yakichumwa mapema asubuhi katika miezi ya machipuko, kabla jua halijayapata, kisha yakachemshwa ili kupata marashi. Waridi la nyumbani nalo lichume saa hizo hizo.

Mwembe wangu uliobebeshwa una mwaka mmoja tu na umechanua. Niuache uzae? (Dar es Salaam)

Usiuache. Mti wenye shina jembamba kama kidole ukibeba embe, nguvu zote zitakwenda kwenye tunda, matawi hayataongezeka, na pengine tawi pekee ulilonalo litavunjika. Kata mashada yote kwa mkasi mkali mara yanapoonekana, mwaka huu na mwaka ujao, na yakichipua tena baada ya wiki chache, yakate tena. Mwaka wa tatu uachie maembe matatu au manne, hasa ukiona shina limenenepa na matawi yamepanuka pande zote.