Barua kwa mwanangu: Mkojo mweupe usikuhadae

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, ili nihakikishe kwamba nimekuelewa. Unasema kwamba tangu uanze kufundisha huko Dodoma umekuwa ukiangalia rangi ya mkojo wako, kama alivyokushauri mwalimu mwenzako wa Baiolojia, na kwa kuwa unauona mweupe kutwa nzima, unauliza kama hiyo haitoshi kuwa dalili kwamba mwili wako una maji, ili upunguze kunywa na uepuke kutoka darasani kila mara kwenda chooni huku wanafunzi wakikusindikiza kwa macho.

Hapana, mwanangu, haitoshi. Alichokuambia mwenzako ni kweli kwake yeye. Mtu asiye na selimundu, huu ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, akipungukiwa na maji, figo zake huyabana yaliyobaki, mkojo ukatoka kidogo na uliokolea. Figo zako zilipoteza uwezo huo tangu ukiwa mtoto. Sehemu ya ndani ya figo ina chumvi nyingi na hewa kidogo ya oksijeni, na mambo hayo mawili ndiyo hasa yanayozikunja seli zako nyekundu zikawa kama mundu. Zikanasa katika mishipa midogo ya pale, mishipa ikaharibika mwaka baada ya mwaka, na maji yakakosa wa kuyazuia. Unaweza basi kuwa umekauka na bado ukakojoa mkojo mweupe. Siku nyingine utauona umekolea ingawa umekunywa vizuri, kwa sababu seli nyekundu za mtu mwingine huishi siku 120 hivi, lakini zako huishi siku 10 hadi 20 tu, na mabaki yake ndiyo yanayotia rangi mkojo na manjano machoni.

Mimi nililijua hili kwa kuchelewa, na wewe ndiye uliyeumia. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa bado unakojoa kitandani, godoro likianikwa ukutani kila asubuhi majirani wakiona, nami nikaamua, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba baada ya magharibi hutakunywa kitu. Kikombe chako cha bati nilikiweka juu ya kabati, mahali usipopafikia. Siku tatu ulilala na kiu, na kitanda ukakilowesha vilevile. Usiku wa nne uliamka unalia mapaja na mgongo, hutaki hata shuka likuguse. Wodini muuguzi mmoja mtu mzima aliniuliza ulikunywa nini tangu jana yake, nikamjibu, tena kwa kujiamini, kwamba nilikuzuia ili usikojoe. Hakunigombeza. Alimaliza kuiweka dripu, akavuta stuli, akanieleza haya ya figo ninayokueleza leo, kisha akasema, "Huyu si kikojozi, mama. Maji hayakai kwake." Tuliporudi nyumbani nilikishusha kile kikombe, na tangu siku hiyo nimelala karibu na mtungi.

Kwa nini kiu ikuletee maumivu, hilo nalo ulijue vizuri, kwa maana sasa hakuna wa kukushikia kikombe. Ndani ya kila seli nyekundu mna himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni, na himoglobini yako ina tabia ya kushikana ikawa nyuzi ngumu pale oksijeni inapopungua. Seli ikipoteza maji, himoglobini husongamana na kushikana huko huwa kwa haraka zaidi, kama uji unaosahauliwa jikoni mpaka ukawa ugali. Seli iliyokakamaa haipenyi katika mshipa mwembamba. Damu hukwama nyuma yake, na mfupa ulio mbele hukosa hewa. Maji hayaondoi selimundu, wala hayashiki nafasi ya dawa zako za haidroksiurea na foliki asidi unazomeza, ila yanaipunguzia damu yako sababu ya kukwama.

Dodoma ina hila yake. Huku Tanga ukitoka jasho unalijua, kanga inakugandia mgongoni. Huko upepo mkavu unalikausha kabla hujaliona, nawe unadhani hujapoteza kitu. Halafu asubuhi za Juni na Julai baridi inakuondolea hamu ya kunywa, na baridi yenyewe ni adui yako wa pili. Asubuhi hizo kunywa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, na sweta usilivue mpaka jua likolee.

Sasa kipimo. Acha kuhesabu kinachotoka, uhesabu kinachoingia. Daktari wako alikupangia lita 3 kwa siku, zaidi kidogo siku ya joto kali au homa, na ukija kuambiwa figo au moyo vimechoka, yeye ndiye atakayekibadilisha kiasi hicho, si mimi wala mwalimu wa Baiolojia. Usiyanywe yote kwa mkupuo jioni ukirudi nyumbani, kwa sababu figo zako zitayamwaga usiku uleule na asubuhi utaanza na deni. Mdomo mkavu, kichwa kuuma, kizunguzungu unapoinuka kitini: hizo ndizo dalili za kusikiliza, ingawa ukizifikia umeshachelewa.

Ukiharisha au ukitapika, changanya pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, katika lita 1 ya maji safi na uende hospitali mapema, maana mwili wako hautabana maji hata wakati huo. Usimeze dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni ukiwa umekauka, zinaumiza figo. Homa ya nyuzi 38, kifua kuuma au pumzi kukatika si mambo ya kusubiri kupambazuke. Kuhusu funga ya Ramadhani tulishazungumza: mgonjwa ameruhusiwa, na fidya yako nitaendelea kuitoa mimi.

Hilo la kutoka darasani, nenda kliniki ukaombe barua, umpelekee mkuu wa shule, umweleze mwenyewe kwa maneno machache. Wanafunzi watakuzoea katika wiki mbili.

Nimenunua chupa ya lita moja na nusu yenye kamba ya kuning'iniza begani, nimeipa alama ya uzi mwekundu katikati, nitaituma kwa basi la Alhamisi. Maji yafike kwenye uzi kabla ya mapumziko ya saa nne, chupa iishe kabla ya chakula cha mchana, kisha uijaze tena, nayo iishe kabla hujalala.

Mama yako